Sura Alizoziruka Chil-seong

Kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa na watu wanne, na duka la Geum-ja lilikuwa na viti vinne, kwa hiyo hakuna aliyewahi kusema tuongeze mtu. Lilikuwa duka la vitabu kuukuu, juu ya ngazi nyembamba karibu na stesheni ya reli ya Mokpo. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Kila mtu alieleza anachosoma, kisha akampendekezea mwenzake kitabu. Hakupendekeza kwa wote. Alimtaja mmoja kwa jina, na sababu akaitoa.

Geum-ja mwenyewe alisoma vitabu vya wapelelezi, na muuaji alimkisia kabla ya ukurasa wa hamsini. Mwalimu Gi, mstaafu wa somo la historia, alisoma chochote alichoweza kukitafutia makosa. Mimi, Mi-rye, nina kibanda cha kurekebisha nguo mtaa wa pili, nikisoma taratibu kati ya zipu na pindo.

Wa nne alikuwa Bong-im, na kwa kupendekeza vitabu hakuna aliyemfikia. Mwaka nilioachika, watu waliniletea pole na mitungi ya kimchi, kabichi iliyochachushwa. Bong-im aliniletea riwaya ya mwanamke anayefuga nyuki mlimani. Akaniambia, "Humu hamna mume hata mmoja, mdogo wangu. Pumzika."

Yeye mwenyewe alipenda vitabu vya kuliza. Akikusifia kitabu, angekwambia, "Ukifika ukurasa wa mia mbili na kumi, uwe na leso." Tulimcheka kwa hilo. Mwalimu Gi alikuwa akimwita mteja wa makaburi.

Alipofikisha miaka sabini, presha ya macho ilimharibu. Alianza kwa kuona pembeni giza, kisha katikati ukungu. Majira ya machipuko alikuja dukani ameshikwa kiwiko na mumewe, Pyo Chil-seong. Huyu alikuwa fundi wa injini za meli kwa miaka thelathini na mitano, mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa sauti kubwa kana kwamba injini bado inanguruma.

"Mama Se-un hataacha kusoma," akatutangazia. "Nitamsomea mimi. Nyie mpeni tu vitabu."

"Keti basi na wewe, shemeji," nikamwambia.

"Vitabu ni vyenu. Mimi niko chini hapo."

Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mwisho na gazeti lake. Tangu siku hiyo kila Jumamosi yetu alikuwa pale, mvua au jua.

Mwezi ule Mwalimu Gi alimpendekezea Bong-im riwaya ya mvuna chumvi wa visiwani na binti yake. Alisema amemchagulia kwa sababu ina vilio vya kutosha hata kwake. Mwezi uliofuata tukamuuliza ameionaje.

"Nzuri," akasema Bong-im. "Nilifurahi sana yule binti alivyopona homa, akarudi nyumbani."

Mwalimu Gi akaweka kikombe chake cha chai ya shayiri chini. "Akarudi wapi? Bi Bong-im, yule binti alikufa! Sura ya kumi na moja nzima ni mazishi yake."

"Labda nilisinzia."

"Ulisinzia mazishi? Kurasa thelathini?"

Tukacheka, naye akacheka. Lakini mwezi wa baadaye ikawa vilevile. Kitabu cha bibi na mjukuu wake aliyekufa kwa surua. Kwa Bong-im, mjukuu alikwenda Busan kusoma. Kitabu cha wanajeshi wawili. Kwa Bong-im, wote wawili walifungua mgahawa Busan.

"Wafu wako wote wanahamia Busan!" Mwalimu Gi akasema. "Huko nyumba za kupanga zitakuwa zimekwisha."

Geum-ja alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Bong-im, nikauona mkono wake ukitafuta ukingo wa meza na kuushika. Sikucheka tena.

Jumanne iliyofuata, Chil-seong alipokuwa bafu la umma kama kawaida yake ya kila wiki, nilisikia fimbo ikigonga kizingiti cha kibanda changu. Alikuwa Bong-im, peke yake. Alikuwa amehesabu hatua kutoka kwake.

"Mdogo wangu, funga mlango."

Nikafunga. Akatoa riwaya ya mvuna chumvi mkobani.

"Nisomee sura ya kumi na moja."

"Kwani shemeji..."

"Shemeji yako hubuni. Akisoma kilichoandikwa, husoma kama maelekezo ya pampu. Akianza kubuni, anapunguza mwendo, anakohoa, halafu watu wote kitabuni wanakula."

"Wanakula?"

"Hajui wafanye nini kingine. Akishawaponyesha, anawaketisha mezani anawapa supu. Supu ya mwani, kila mara." Akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Usimcheke."

"Simcheki. Ila mbona humwambii kwamba unajua?"

Aliuvuta mkono wa koti nililokuwa nikilishona, akawa anaupapasa mshono.

"Unajua Se-un yuko wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimemsikia Chil-seong akimwita Mama Se-un kwa miaka, nami nikidhani binti yao ameolewa mbali, Seoul au ng'ambo. Nikamwambia hivyo.

"Alikufa ana miaka kumi na tisa. Saratani ya damu. Huu ni mwaka wa thelathini na moja. Tangu tushuke mlimani tulikomzika, baba yake hajalitaja jina lile ila anaponiita mimi." Akaendelea kupapasa mshono. "Nyumbani kwangu hapakuwa na mahali pa kulia, Mi-rye. Nikilia, yeye anatoka anakwenda kutengeneza kitu. Baiskeli, bomba, chochote. Nikaanza kulilia vitabuni. Akiniuliza nina nini, namwambia ni kitabu tu, mtu amekufa kitabuni. Miaka yote hiyo amedhani vitabu ndivyo vinavyoniumiza. Sasa vimeingia mikononi mwake, anavisafisha. Ananipenda, najua. Lakini amenifungia chumba kile kimoja nilichokuwa nacho."

Nikafungua sura ya kumi na moja. Ndani yake baba anaosha buti za binti yake, zile za shamba la chumvi, anatoa chumvi kwenye mishono kwa sindano, kwa sababu hataki azikwe na viatu vichafu. Nilisoma polepole. Bong-im alilia bila sauti, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Nilipomaliza akajipangusa uso akasema, "Se-un alikuwa hafungi kamba za viatu. Alizikanyaga tu." Akanisimulia habari zake mpaka chai ikapoa.

Ikawa ndiyo Jumanne yetu. Mwezi wa Saba mpaka wa Kumi na Moja nilimsomea vifo vyote ambavyo mumewe aliviruka, na baada ya kila kifo alinisimulia kidogo kuhusu binti yake: alivyochukia figili, alivyomwiga baba yake anavyopiga chafya, wimbo aliouimba vibaya makusudi. Kwenye kikundi aliendelea kutupa ile miisho ya supu. Nilimwita Mwalimu Gi pembeni nikamwomba aache utani. Aliniangalia, akaelewa kwamba kuna jambo, na kwa mara ya kwanza hakutaka kujua zaidi.

Kisha Jumanne moja ya baridi bafu likafungwa. Tangi la maji moto limepasuka. Chil-seong akarudi nyumbani mapema, akakuta hamna mtu. Alizunguka mtaa mzima akiita. Tulimsikia kabla hatujamwona: "Mama Se-un! Mama Se-un!" Kisha mlango ukasukumwa. Alimkuta mkewe uso umelowa machozi, nami kitabu mkononi. Ilikuwa sura ile ya mazishi. Bong-im alikuwa ameiomba tena, kwa mara ya tatu.

"Unamfanya nini mke wangu?"

"Shemeji, ni kitabu..."

"Najua ni kitabu! Nakijua! Unadhani sikukisoma?" Uso ulimwiva mpaka masikioni. "Kila kitabu nakisoma kwanza mimi, jikoni, amelala. Nisipokisoma nitajuaje pa kuruka? Nimehangaika miezi minane kumwepusha, wewe unamlisha sumu kibandani!"

Lakini Bong-im alikuwa amegeuza uso upande wa sauti yake.

"Kwa hiyo umeyasoma yote?" akamuuliza.

Chil-seong akakitazama kitabu mkononi mwangu.

"Yule mjukuu mwenye surua? Na buti hizi?"

"Yote."

"Peke yako?"

"Ningesoma na nani?"

Bong-im akanyoosha mkono hewani mpaka akashika koti lake. Akamvuta, akamketisha kwenye kigoda cha wateja. "Mpe kitabu, Mi-rye," akasema. "Nisomee wewe, Baba Se-un. Kama kilivyoandikwa."

Akakishika kitabu mbali na macho, kwa sababu miwani ilikuwa nyumbani. Akaanza. Kweli alisoma kama maelekezo ya pampu, kila neno na uzito uleule. Akafika kwenye buti. Akapunguza mwendo. Akakohoa. Nikangoja supu ya mwani, na nadhani Bong-im naye aliingoja. Haikuja. Akakilaza kitabu mapajani, bado kimefunguka.

"Siwezi, Mama Se-un."

"Basi kesho."

"Na kesho sitaweza."

"Basi mstari mmoja."

Wakaondoka wameshikana. Kitabu alikibeba Chil-seong.

Jumamosi ya Desemba Bong-im alikuja uso umechangamka. Alipoulizwa anasoma nini, alisema, "Sura ya kumi na moja." Mwalimu Gi akamuuliza kwa upole wamefika wapi. Akasema siku nyingine wanasoma ukurasa, siku nyingine mstari, na siku moja walisoma neno moja tu, wakaenda kula. Hakutaja Se-un mbele ya wenzetu. Tulipokuwa tukivaa makoti aliniinamia sikioni: "Bado hajasema. Lakini hatoki tena nje kutengeneza kitu. Anakaa."

Mwezi wa Januari, asubuhi ya theluji, akiosha mchele, Bong-im alianguka. Ilikuwa kiharusi. Alikaa hospitalini siku tatu bila kufumbua macho, akafa. Tulikwenda msibani, tukainama mbele ya picha yake, tukala supu ya nyama waliyotuandalia. Chil-seong alimpokea kila mtu kwa adabu na hakusema neno lisilo la lazima. Kwenye picha Bong-im alikuwa bado na macho mazima.

Februari na Machi tulikutana watatu. Hakuna aliyempendekezea mwenzake kitu. Geum-ja alisema labda tupumzike kidogo, na wote tulijua maana ya kupumzika.

Jumamosi ya Aprili tukasikia hatua nzito ngazini. Chil-seong aliingia, amenyoa, amevaa shati la msibani. Alibaki amesimama mpaka Mwalimu Gi alipoinuka akamvutia kiti.

"Mimi si msomaji," akasema. "Zimebaki kurasa mbili za sura ile. Tulikuwa tumefika pale Mama Se-un alipo... alipoanguka. Nimejaribu nyumbani. Nasoma kwa macho, lakini siyo kusoma. Kwa sauti haitoki, hamna mtu wa kusikia." Akatoa kitabu. "Mnisikilize. Sitachukua muda."

Akasoma. Jeneza linapakiwa kwenye mashua, baba anabaki ufukoni kwa sababu mashua imejaa, na mtu mmoja anamwita apande, yeye anasema ngojeni. Ni kurasa mbili tu. Alizisoma kwa robo saa, bila kuruka neno. Alipofika mwisho akafunga kitabu, akakipangusa jalada kwa mkono wa shati.

"Binti yetu aliitwa Se-un," akasema. "Nilikuwa melini. Walinipigia simu bandarini wakasema njoo haraka, nikasema nimalize injini hii, masaa mawili. Nilifika amekwisha. Mama yake hakuniuliza hata siku moja nilichelewa wapi."

Mwalimu Gi alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Geum-ja alitaka kummiminia chai, akaimwaga mezani, akaiacha.

Mimi nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Miaka thelathini na moja mwanamke mmoja aliyangoja maneno yale, na sasa yametoka, tumeyapokea sisi, watu wa pembeni, wa Jumamosi moja kwa mwezi. Angeishi mpaka machipuko tu. Kurasa mbili tu.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Maua ya miti ya cheri yalikuwa yameanza kuanguka, yakishikamana na viatu vyetu. Tulipofika akaniuliza bila kunitazama:

"Shemeji. Zile Jumanne. Alikuwa anakusimulia habari za Se-un?"

"Ndiyo," nikasema. "Mengi."

"Nilikuwa baharini sana. Mimi ninayo machache."

Basi likafika, mlango ukafunguka. Dereva akatuangalia, akangoja kidogo, akafunga mlango, akaenda.

"Niambie," akasema Chil-seong. Nikaanza na figili.