Chuma cha Kulengea

Edmond alipanga vikalio viwili vya darubini juu ya meza ya karakana, bunduki ikiwa imebanwa kwenye jiliwa katikati yake, kisha akajifuta mafuta mikononi.

"Chagua, yaya," alimwambia Kyabu, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa. "Bwana injinia alisema weye njo utaenda mu pori, weye njo uchague."

Kyabu aliviinua vikalio, kimoja kimoja. Ulikuwa mwaka wa 1953, mwisho wa kiangazi, na vumbi la Kamina lilikuwa limeingia hata ndani ya visanduku vya skrubu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwindaji wa kampani ya reli. Bunduki ilikuwa ya injinia, na kibali kilikuwa cha injinia, ila bega lililozoea teke lake lilikuwa la Kyabu. Sasa palikuwa na nyati. Mtu asiyejulikana alikuwa amempiga kwa gobole akamwachia kidonda, na nyati, kwa uchungu wake, alimwua mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni kando ya reli, upande wa kwenda Luena. Siku ya tisa sasa mafundi wa njia ya reli walikuwa wamekataa kukanyaga sehemu ile.

Kikalio cha kwanza kilikuwa kifupi, cha skrubu nne. Kingeishika darubini chini kabisa, imara kama ukucha kwenye kidole. Lakini ili kiingie, pengo la kulengea la nyuma lilipaswa kukatwa kwa tupa, na kinundu cha kulengea cha mbele, kwenye ncha ya mtutu, hakingekuwa na kazi tena. Cha pili kilikuwa na makucha mawili ya chuma na kitufe pembeni. Ukibonyeza, darubini inakujia mkononi, na chuma cha zamani cha kulengea kinabaki pale pale, tayari. Kilikuwa kizito zaidi, na makucha yake yangetaka siku mbili za kusuguliwa ili darubini irudi mahali pake kila inapofungwa.

"Tia hii ya skrubu," Kyabu alisema. "Ile chuma ya zamani, kata."

Edmond aligonga darubini kwa kidole. "Na kama nyama inatokea karibu, mu majani? Mu lineti utaona manyoya tu, yaya."

"Kata."

Hakikuwa kiburi. Kwa miaka miwili kitabu cha nyimbo kanisani kilikuwa kikimkimbia. Alikinyoosha mbali mpaka mkono ukaisha, kisha akakifunga na kuimba kwa moyo. Mkewe Tamar aliona. Mbali, Kyabu aliona bado: ndege akitua juu ya waya wa simu, Kyabu angekutajia rangi yake. Lakini pengo la bunduki, lililo shibiri moja tu mbele ya uso, lilikuwa limegeuka ukungu. Alikuwa akipiga kwa mazoea, na mazoea yalianza kumsaliti. Siku alipotazama ndani ya darubini kwa mara ya kwanza, ule msalaba mwembamba ulisimama mbele yake mkali kama unywele juu ya maziwa, na ilibidi ageuke asionekane uso. Chuma cha zamani kikikatwa, nani angemwomba tena akitazame?

Edmond alifungua jiliwa, akampa bunduki.

"Basi, mbele ya kukata, niangalilie kitu kimoja. Kile kinundu ya mbele, iko wima ao inalala?"

Kyabu aliiweka begani, akaelekeza mtutu nje ya mlango, kwenye tangi la maji. Akafumba jicho moja. Akakaa kitambo, kama mtu anayepima.

"Iko wima."

Edmond alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma kidogo kama punje ya mahindi.

"Niliitoa asubui, yaya. Nilitaka kuisugua kutu."

Kule nyuma mtu alikuwa akigonga bamba. Kyabu alishusha bunduki polepole.

"Utaambia injinia?"

"Minyi ni fundi ya chuma. Nitaambia injinia nini?" Edmond alijigonga kifua, akainama juu ya meza, akajishughulisha na skrubu ambazo hazikuhitaji chochote. "Nauliza tu. Mu majani, nani ataangalia?"

Kyabu alichukua kile kipande. Hakukiona vizuri, lakini kidole kilikijua. Alimfikiria yule mama wa kuni. Alimfikiria pia Kitwa, kaka yake Tamar, fundi wa njia aliyewahi kuwa askari wakati wa vita. Kila safari Kitwa aliomba kubeba bunduki, na kila safari Kyabu alimpa chupa ya maji.

"Rudisha," alisema. "Tia ile ya makucha."

Siku ya tatu, asubuhi, Kyabu na Kitwa walikuwa kwenye ukingo wa mbuga, hatua chache kutoka relini. Nyati alisimama ng'ambo, peke yake, akiegemea mguu mmoja. Kyabu alilaza mtutu juu ya kichuguu, akaupata msalaba, akapumua, akafyatua. Nyati alipiga magoti, akainuka, akaingia kwenye majani marefu, na majani yakafunga mlango nyuma yake.

Walingoja mpaka jua likapanda. Kisha Kyabu alibonyeza kitufe, akaitia darubini katika mfuko, na kumnyooshea mwenziwe bunduki.

"Shika, shemeki."

"Minyi?"

"Weye. Minyi naona ya mbali. Ya karibu sioni tena."

Kitwa aliipokea. Alifungua komeo, akatazama risasi, akalifunga. Waliingia, yeye mbele, Kyabu nyuma akiwa ameweka kiganja mgongoni pake. Damu ilikuwa kwenye majani, na Kitwa aliifuata. Kyabu alifuata sauti. Alipousikia mkoromo upande wa kushoto, alibonyeza bega la kushoto la Kitwa. Nyati aliinuka hatua saba mbele yao, mweusi, mzima kama ukuta. Mlio ulikuwa mmoja.

Adhuhuri injinia alikuja kwa kiberenge, akauzunguka mzoga, akaweka kidole kwenye tundu la ubavuni, halafu kwenye lile la paji la uso.

"Hii ya ubavu ni ya mbali. Na hii?"

Kitwa alitazama majani. Kazi ya Kyabu ya miaka kumi na tisa ilikuwa imesimama pale, na Kitwa alikuwa tayari kunyamaza ili ailinde.

"Ile ni ya Kitwa, bwana," Kyabu alisema. "Macho yangu imechoka."

Injinia alifuta kidole kwenye suruali. Alisema watazungumza Jumatatu, akapanda kiberenge, na mlio wake ukapungua hadi reli zikanyamaza.

Wale wawili walikunja mikono ya mashati. Kitwa alichukua kisu, akasita juu ya ile ngozi nene.

"Nianzie wapi?"

Kyabu alipiga goti. Alifumba macho, akapitisha vidole kifuani pa nyati, taratibu, mpaka vilipofika mahali mfupa unapoachia.

"Apa," alisema, na hakuviondoa mpaka kisu kilipovigusa.