Majina Kwenye Mduara

Rodgers, ofisa wa wafanyakazi, hakumwambia aketi. Aliigeuza karatasi mezani mara mbili, kama mtu anayetafuta mdomo wa gunia.

"Kamanthe, hii ni barua ama ni sufuria?"

Ilikuwa siku ya mwisho ya Aprili, mwaka 2002, katika kiwanda cha suruali pale Athi River. Katikati ya karatasi palikuwa na ombi la sentensi moja: kesho, Mei Mosi, wapumzike. Majina ishirini na moja yalilizunguka. Kamanthe aliuchora mduara kwa kuzungusha penseli kwenye ukingo wa sahani, pasiwe na wa kwanza wala wa mwisho. Kisha akayaandika majina yote mwenyewe, yalingane, la mtu lisionekane kubwa kuliko la mwenzake. Hapo ndipo alipokosea. Kando ya ombi Rodgers alikuwa amepanga karatasi za mafungu ya suruali, zile alizozijaza Kamanthe kila siku, kwa mwandiko uleule.

"Nani alianza haya maneno?"

"Tulikubaliana sote, bosi."

"Oda ni ya Amerika. Huko kesho watu wako kazini. Sikukuu ya wafanyakazi wao iko Septemba. Si mngoje Septemba?" Akacheka kidogo.

Kamanthe alijua ni heri anyamaze. Hakunyamaza.

"Lakini Mei Mosi ilitoka huko huko, bosi. Watu wa Chicago waligoma wapewe kazi ya masaa nane. Wanne wakanyongwa."

Kicheko kikakatika. "Hayo umetoa wapi?"

"Semina ya chama cha wafanyakazi. Kanisani, Machakos mjini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Ilikuwa kweli. Rodgers aliandika kitu, kisha akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Keti, mwiitu wa asa," alisema kwa Kikamba. Leo amekuwa dada. Akamwekea karatasi tupu na kalamu. "Andika upya. Kwa mstari, na nambari. Nataka watano waliochochea wenzao, mkubwa wao akiwa juu."

Kamanthe aliandika jina lake. Rodgers aliikunja karatasi, akaitupa, akampa nyingine.

"Wewe sijakuuliza. Wewe uko na kichwa. Lain ya nne haina supavaiza tangu Pasaka." Alishusha sauti. "Ukikataa, wanaenda wote. Geti umeiona asubuhi, sindio?"

Aliiona, na umati wa wanaotafuta kazi. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama pale wiki saba, akingoja kuitwa.

Ng'ambo ya dirisha la kioo cherehani zilinguruma. Ndinda alikuwa akishona mifuko ya nyuma. Siku tatu alikataa jina lake liandikwe. Mapacha wake wako kwa nyanya yao Katangi, na mvua ya huko ilishapotea. "Nikifutwa nitawaambia nini?" alikuwa ameuliza. Kamanthe akamjibu, "Mduara hauna wa kwanza, Ndinda. Watamshika nani?"

Mlango ukafunguliwa. Mama wa jikoni aliingia na kikombe kimoja. Rodgers akamwelekeza akiweke mbele ya Kamanthe, upande wa dirisha.

"Kunywa chai. Sina haraka."

Ndinda aliinua macho. Aliona kiti cha ofisa, na aliyekikalia. Aliona kikombe kikitoa mvuke. Akamgusa jirani yake kwa kiwiko, na ingawa hakuna sauti iliyopenya kioo, Kamanthe aliyasoma maneno midomoni mwake: Amepewa chai! Tabasamu likatoka cherehani hadi cherehani, mpaka mwisho wa lain.

"Haya," alisema Rodgers.

Kamanthe aliandika nambari moja, akaweka nukta.

Ng'ambo, Ndinda alimwinulia kidole gumba. Kisha akaiinamia tena mifuko, akashona mbio kuliko wote, kama mtu ambaye hataki mapumziko ya kesho yamkute na kiporo cha kazi.