Siku Mashine Itanyamaza

Weye mwenye kusoma, sogeya karibu nikuulize. Iko na mikono mingi lakini haishikake kitu. Inakimbia tangu asubuyi na haitoke pahali pake. Ikipiga kelele, bote banaikasirikia. Ikisimama, nyumba yake inaungua. Ni nini?

Hapana kusema ni bibi yako. Edmond, jirani yetu mwenye kutengeneza baradio hapa Mususa, mutaa wetu wa Butembo, alijibuka vile, kumbe bibi yake iko nyuma ya ukuta. Siku ile alikula bugali bila mboga.

Ni vantilatere, feni. Kale kadogo kenye kukaa ndani ya ordinatere, ile kompyuta, na kuipulizia mupepo isichomeke. Mi hii mambo sikuisomaka. Kule Lubero, kwa misioni, tulisoma kuhesabu biazi na kuimba. Mais lakini hii moja ninaijua, ju iliishi mu nyumba yangu.

Ilikuwa ya Jephté, mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu. Alichukua chumba changu cha nyuma, kile cha kuwekea maharagi, akapigilia karton ya mayayi na mablanketi ya zamani ku ukuta, akaweka mashine yake mu kona, mikro ya kuimbia katikati, akasema: "Mukaka, nyanya wangu, sasa hii ni studio." Nikasema: "Na maharagi yangu?" Akasema: "Yatakuwa yanasikiliza." Njo vile maharagi yangu yalisikia bakorale, makwaya yote ya Butembo.

Mais ile mashine ilikuwa na ugonjwa. Kavantilatere kake kalikuwa kanalia krrr, krrr, krrr, sawa mutu mwenye kusaga muhogo juu ya jiwe. Baimbaji balikuwa banamucheka: "Jephté, leo tena tunaimba na moulin ya kusaga unga? Moulin ni tenor ao ni bass?" Yeye anakasirika, anafunika mashine na blanketi, mashine inapata moto, inazimika, bote banaanza tena ku mwanzo.

Mutu mumoja tu njo alikuwa anaipenda vile iko. Joyeuse.

Joyeuse alikuwa mutoto wa Mama Débora, wa Mabalako, kule kwenye jua na kakao. Alikuyaka Butembo kujifunza kushona, akaingia mu korale, na sauti yake ikaingia mu kichwa ya Jephté, haikutoka tena. Butembo kwetu kuko baridi. Mvua ikianza, ule mutoto alikuwa anakuya mbio mu studio, anaikaa chini, anaegemesha mugongo ku mashine sawa paka ku ziko. Alikuwa anasukaka nywele na mèche, nywele ya duka, mirefu ya rangi ya majani ya chai, inamwangukia mupaka mu kiuno.

Kwetu mukaka anaita mujukuu wake bwana yake, ni muchezo. Basi Joyeuse nilikuwa ninamwita mbanda wangu, muke mwenzangu.

"Mbanda," nilimwambia siku moja, "unaegemea nini pale? Bwana yetu iko huku."

"Mukaka, ule bwana yako haipashe mutu moto. Hii mashine njo ilinioa."

Jephté akasema: "Basi ipeleke mbuzi kwenu!"

Na Joyeuse akamuangalia. "Na weye, ya kwako utaipeleka lini?"

Jephté akapiga mashine kofi. "Siku hii mashine itanyamaza."

Tulicheka. Njo ikawa muchezo yao. Joyeuse anauliza lini, Jephté anajibu siku mashine itanyamaza. Mais mutoto mwanamuke akiuliza kitu mara ya kwanza ni muchezo. Akiuliza tena na tena, weye fungua masikio.

Ju kwetu Banande, kijana akipenda binti, familia yake inapeleka mbuzi. Kuko mbuzi ya mahari, hiyo inakuya nyuma. Ya kwanza kabisa ni ya kupiga hodi tu, kusema: ni sisi, tumefika, mutufungulie. Kama haujapiga hodi, hata mupendane vipi, kwa wazazi ya binti weye ni mupita-njia.

Siku moja Joyeuse alisema anaenda Mabalako kusaidia mama yake kuvuna kakao. Mbele ya kwenda aliingia studio, akaimba peke yake wimbo moja wa kumushukuru Mungu, Jephté akakamata sauti yake mu mashine. Nilikuwa nje ninachambua sombe, majani ya muhogo. Nilisikia wimbo uliisha. Kisha nikasikia anauliza, sauti yake haina muchezo tena: "Lini, Jephté? Lini?" Na Jephté alisukuma kabutoni, tak, akasimamisha kukamata sauti.

Joyeuse alipotoka, alinipa mukono. "Mbanda, unichungie ule bwana."

Hakurudi. Bale batu ba mapanga na bunduki ambao hatubataje jina balitokea mu shamba ya kakao asubuyi. Mama Débora alikimbia mupaka Beni na nguo yenye alikuwa nayo mu mwili. Joyeuse, balileta mwili yake kisha, bakamuzika Beni.

Tulienda ku kilio. Baba wadogo ya Joyeuse balikuwa banagawa pahali pa kukaa: familia huku, bakwe huku, bageni kule ku bench. Jephté akaenda upande ya bakwe. Muzee mumoja akamuuliza kwa upole, hakumutukana: "Kijana, mbuzi yako ilifika kwetu siku gani?" Jephté akaangalia chini. Akasimama, akaenda kuikaa ku bench, katikati ya bapita-njia. Mi niliikaa naye. Mutu mwenye kufiwa na bibi yake, na banamupa chai sawa mugeni.

Tuliporudi Mususa, alifunga studio. Hakukamata sauti ya mutu tena. Kila siku alikuwa anaingia mule peke yake, anawasha mashine, ninasikia krrr, krrr, na ndani ya krrr Joyeuse anaimba. Mbele ya wimbo kufika mwisho, anazima. Mwisho hakufikaka.

Kisha Mama Débora akapiga simu. Balikuwa banamupangishia nyumba kule Beni.

"Mukaka wa Jephté, wasibire, umeshinda vipi?"

"Tuko, mama. Pole tena."

"Simu yangu yenye ilikuwa na sauti ya mutoto ilibaki mu shamba. Nimeanza kumusahau, mama. Uso ninaiona. Sauti inanikimbia. Nimesikia kuko wimbo kwenu. Tunatoa kilio, kumaliza matanga, hivi karibuni. Munisaidie niusikie."

Nilimupelekea Jephté hiyo neno. Alichomeka clé, kale ka flash, ku mashine kutoa wimbo. Mashine ikalia, ikapata moto mupaka tukasikia harufu, ikazimika katikati. Akawasha tena, ikazimika tena. Tukamwita Edmond.

Edmond akaweka sikio, akasema: "Kavantilatere kanakufa, mukaka. Kakisimama, mashine inaungua, na yote yenye iko ndani inaenda nayo. Tubadilishe. Iko kapya ku butike yangu."

Jephté akasimama mbele ya mashine na mikono wazi. "Hapana. Hapana kuigusa."

"Ndugu, utaipoteza!"

"Edmond, nimesema hapana. Rudi kwako."

Edmond akaniangalia, akainua mabega. "Mi ninatengenezaka mashine, mukaka. Hii ingine sina turnevis ya kuifungulia." Akatoka.

Niliikaa ku kiti. Niliacha kwanza apumue. Kisha nikamwita: "Bwana yangu."

Hakucheka.

"Unaogopa nini? Sauti yake kupotea? Lakini njo inapotea hivi."

Akaikaa chini, pale pale Joyeuse alikuwa anaikaa. "Mukaka, nilimwambia siku mashine itanyamaza."

"Ndiyo. Nilisikia."

"Bado inalia. Bado niko na ruhusa. Ikinyamaza, itanipasa kumujibu. Na nitamujibu nini? Nitamujibu wapi?"

Na akalia, mutu muzima, sawa vile alikuwa analia akiwa mudogo na jino inamuuma. Nilimushika kichwa. Kisha nikamwambia ile tu nilikuwa najua:

"Kuko mama mumoja kwa Beni mwenye kusahau sauti ya mutoto wake. Weye uko na sauti, yeye hana. Njo yote."

Akapangusa uso. Kisha akasema: "Umwite Edmond."

Edmond akakuya na turnevis na brashi ya kupakia rangi. Alifungua mbavu ya mashine, vumbi nyekundu ya Butembo ikamwagika sawa unga. "Jephté, hapa unaweza kulima viazi," akasema, kwa kumuchekesha. Akatoa skuru, akachomoa kamba kadogo, akavuta vantilatere kwenye mwangaza. Akaipuliza. Akaisogeza karibu na macho.

"Ni nini?" nikauliza.

"Kuko kitu kimejizungusha ku musumari ya katikati. Ni hii njo ilikuwa inasaga." Akaingiza ncha ya sindano, akavuta pole pole. Ilitoka, ikatoka, ikatoka. Uzi murefu, rangi ya majani ya chai.

Mèche ya Joyeuse.

Tulijua. Kila mara akiegemea pale kuota moto, mashine ilikuwa inamunyonya nywele kidogo. Ile kelele Jephté alikuwa anangojea inyamaze ndipo aende kwao, ilikuwa ni yeye Joyeuse mwenyewe.

Jephté akanyoosha mukono. Edmond akamupa. Akaizungusha ku kidole, akafunga ngumi.

"Tuirudishe hii ya zamani?" Edmond akauliza, sauti ndogo. "Imesafishika, mais imekwisha kulegea."

"Weka mupya."

Edmond akakata vipande vya mupira ya ndani ya pneu ya kinga, baiskeli yake, akaviweka chini ya kila skuru, ju mupya isitetemeke ku chuma. Akashika kakaratasi nyuma, akaangalia kama mupepo inatoka, haiingie. Akafunga. Akawasha.

Nilizani haijawaka. Niliweka mukono pale nyuma, mupepo ikanigusa vidole, baridi, bila neno. Chumba kilinyamaza mupaka nikasikia mvua ku mabati ya jirani. Ni mi njo nilitoka ya kwanza. Sikuweza kubaki mule.

Asubuyi yake nilienda mu kiraro nyuma ya nyumba, nikafungua mbuzi yangu, ile mweupe yenye alama nyeusi ku sikio. Jephté alikuwa anafunga mashine mu blanketi. Aliona kamba mu mukono yangu.

"Mukaka, hiyo ni ya nini?"

"Inaenda Beni."

"Lakini yeye..."

"Hapana yeye peke yake njo iko na mulango wa kupigia hodi; mama yake naye iko nao."

Ku gari, shofere alitusaidia kupandisha mbuzi nyuma. Mutu wa furaha. "Ah, mukaka! Hii ni mariage, ni ndoa! Kijana, hongera!" Jephté akageuza uso, akaangalia barabara. Nikamwambia shofere: "Tunaenda kupiga hodi, baba. Endesha tu."

Kule Beni, Mama Débora alikuwa amekonda mupaka shingo yake ilikuwa sawa ya mutoto. Baba wadogo ya Joyeuse balikuwa pale, na ule muzee wa siku ile. Jephté alifunga mbuzi ku nguzo ya nje, hakusema ni ya nini. Akaingia, akaweka mashine juu ya meza, akachomeka. Mama Débora akasogeza kiti mupaka magoti yake ikagusa meza.

"Haijawaka?" akauliza.

"Imewaka, mama. Haipigake kelele tena."

Na wimbo ukaanza.

Mi mwenye kusoma kidogo, nilikuwa nawaza mashine ikipona na wimbo utapona. Hapana. Ndani ya wimbo kelele ilikuwa ile ile, krrr, krrr, chini ya sauti ya mutoto. Sasa njo tuliisikia muzuri, ju hakuna ingine ya kuifunika.

Mama Débora alikuwa amefunga macho, machozi inashuka. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye. Na ile kelele, ni nini?"

Jephté akaingiza mukono mu mufuko. Akaweka ule uzi wa mèche mu kiganja chake mama. "Ni yeye pia, mama. Ilikuwa mu mashine."

Mama Débora akaipeleka ku pua, akainusa.

Wimbo ukakaribia mwisho. Niliona mukono ya Jephté inaenda ku kabutoni, sawa kila siku. Nikasema mu roho: Mungu wangu, muache. Mukono ikasimama mu hewa. Ikarudi mu goti.

Wimbo ukaisha. Tukasikia Joyeuse anapumua. Tukasikia anauliza, pale mu nyumba ya mama yake, mbele ya baba wadogo zake bote:

"Lini, Jephté? Lini?"

Tak.

Mashine ilikuwa inazunguka bila sauti. Nje, ku nguzo, mbuzi ikalia. Ule muzee akainua kichwa, akaangalia mulango, akamuangalia Jephté.

Jephté akatoka ku kiti, akapiga magoti mbele ya Mama Débora, akashika ile mikono miwili yenye kushika nywele.

"Leo," akasema. "Joyeuse, ni leo."