Sufuri ya Kaka Rrapo

Vjollca alimpokonya mgeni wake chupa ya asali. "Umelipa ngapi?"

"Elfu kumi na tano," alijibu Birthe, bibi kutoka Denmaki, akitabasamu. "Kaka yako mkarimu kweli. Kaninunulia na kahawa."

Lahaula! Asali ile ni leki elfu moja na mia tano tu! Hapa Berat watu bado wanataja bei kwa leki ya zamani, pesa ile ya nchi yenye sufuri moja ya ziada, ingawa serikali iliifuta kabla Vjollca hajazaliwa. Ukiambiwa elfu kumi na tano, unatoa elfu moja na mia tano, mambo yamekwisha. Mwenyeji anajua. Mgeni atajulia wapi? Na ni Vjollca mwenyewe, mjinga wa kutupwa, aliyemwelekeza kwa Rrapo bila kumwambia habari ya sufuri hiyo.

Alishuka mbiombio na aproni yake kiunoni mpaka kibanda cha kaka yake pale darajani.

"Rudisha pesa za watu, Rrapo!"

"Pesa zipi, dada? Nimemtajia bei ninayomtajia kila mtu. Nimedanganya wapi?"

"Akakuwekea noti tatu za elfu tano, nawe ukakodoa macho tu?"

"Nilinyamaza. Siku hizi kunyamaza nako ni wizi?" Rrapo akamkonyezea muuza zeituni wa jirani. "Wana hela hao. Kaa unywe kahawa, acha makelele."

"Huna haya! Analala kwangu, anakula mezani kwangu! Tangu nifiwe na mume wangu, jina zuri la nyumba ile ya wageni ndilo linalonilisha, nawe unalipaka matope kwa chupa ya asali!"

"Basi mrudishie wewe, mwenye jina."

Akamrudishia. Alitoa elfu kumi na tatu na mia tano kwenye akiba yake ya pesa za kuni. Birthe akakataa kata kata, Vjollca akazisukumiza mkobani mwake kwa nguvu. Kisha akaketi, akaandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga karatasi ya kubandika kwenye mlango wa kila chumba:

"Mwongozo wa pesa zetu. Ukitajiwa bei, uliza kwanza: ya zamani au mpya? Ikiwa ya zamani, ondoa sufuri ya mwisho. Usione haya kuuliza, mtu mwema atakujibu. Asali usinunue kibanda cha darajani. Mwenye kibanda namjua vizuri, tumenyonya ziwa moja."