Nani Atamwambia Atoke

Tangu kitongoji chetu kiwatenge akina Gidasaida, mimi sikuweza kukaa chini. Nilifagia mashine yetu ya kusaga iliyokwisha kufagiwa, nikakaza mkanda ambao haukuwa umelegea, nikatoka nje kuangalia barabara, nikarudi, nikatoka tena. Mume wangu Thomasi akaniuliza kama nina minyoo. Nikamwambia ninayo, na jina lake ni Ngassa.

Ngassa ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, upande wetu huu wa Migato. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Wakati wa palizi maksai wake wawili wa kulimia waliibwa. Mwano ukapigwa, yaani lile yowe ambalo kila mwanaume akilisikia lazima atoke na fimbo yake, na wanaume wakafuata nyayo za ng'ombe mpaka kwenye boma la Gidasaida, Mtaturu. Hapo zikapotea. Sheria yetu ni ya zamani na kila mtu anaijua: nyayo zikifika kwako, ni juu yako kuonyesha zilikoendelea. Ukishindwa, ng'ombe umewala wewe.

Gidasaida mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Meatu na mifugo, akitafuta majani. Aliyekuwepo ni mama yake, Udamweru, mwanamke wa makamo aliyekwisha kuzeeka magoti lakini si mdomo. Kisukuma anakijua, cha utani na cha mashineni, ila kundi la wanaume wenye marungu lilipomzunguka, ulimi ukarudi nyumbani. Akanyoosha mkono upande wa mto, akasema maneno mengi kwa Kitaturu. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta wa kutafsiri, ingawa mjukuu wake Winnie alikuwa shuleni sekondari, mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Mkutano ukakaa, ukaongea Kisukuma, ukahukumu kwa Kisukuma. Walikuwa ni nyumba moja tu ya Wataturu katikati yetu, kwa hiyo hata wa kuguna upande wao hakuwepo.

Kutengwa kwetu si mchezo. Huwasalimii, hawakusalimii. Hawachoti maji pampuni mkiwa wote, hawasagi, hawauziwi hata kiberiti, hawaji msibani. Atakayemsemesha aliyetengwa, naye ametengwa papo hapo. Walipewa mpaka msimu wa kununua pamba ufunguliwe: walete maksai, au wahame. Nilimwendea mtendaji wa kijiji nikamwambia serikali hairuhusu kumfukuza mtu hivi. Akakuna shingo, akasema mambo ya sungusungu huwa wanayamaliza wenyewe.

Sasa, asiyetufahamu lazima aelezwe kitu kimoja. Wataturu ni watani wetu. Mtani anakutukana wewe, mama yako na ng'ombe wako, na huruhusiwi kukasirika. Miaka yote Udamweru alikuja mashineni akaniita mla michembe, kwa sababu sisi Wasukuma na viazi vyetu vikavu hatuachani. Mimi nikamwita kibuyu cha maziwa kisichooshwa. Wateja wakacheka, unga ukatoka, akabeba debe lake akaenda. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tulipoacha kuwatukana ndipo walipojua kwamba tumewakataa kweli.

Lakini Udamweru aliendelea kuja. Asubuhi baada ya asubuhi aliweka debe lake la mahindi mlangoni, akakaa kwenye jiwe. Mimi nasagia wengine, nampita kama nguzo. Siku moja akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Milembe, meno yako yameota kutu kwa michembe?" Kisha akaningoja. Wanawake wote waliinama wakaangalia vikapu vyao. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni mwangu, jibu zuri sana, nikalimeza likaniuma tumbo hadi jioni. Akasubiri, akasubiri, akajitwika mahindi yake akaondoka. Niliambiwa wanatwanga kwenye kinu siku hizi, na kwamba Winnie ameanza kukosa shule ili asaidie kuchota maji mtoni. Nilipiga teke ndoo tupu ya watu.

Pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani pale Mzee Mboje, baba yake Ngassa, alipofariki.

Mzee Mboje alikuwa fundi wa utani. Marehemu mume wa Udamweru alipokufa, Mboje ndiye aliyeshuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe tumbaku na aombwe radhi kwa uvundo wa siagi wanayojipaka. Wataturu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani msibani: anayazuia mauti kidogo, anadai chake, watu wanapumua, halafu mnazika. Na mzee alikuwa akisema waziwazi, kwenye pombe na hata baada ya kubatizwa, kwamba siku yake asishushwe mpaka Mtaturu amemsumbua kwanza.

Siku ile ya matanga niliwaangalia wanaume wakipanga nani achimbe, nani alete mbao, nani amfuate katekista Joakim. Hakuna aliyemtaja mtani. Nilimuuliza Thomasi pembeni, akaniambia ninyamaze, kwamba mashine ile ndiyo inayotulisha. Kweli inatulisha. Nilizunguka nyumba, nikazunguka tena, nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Mwisho nikaona kama sitokwenda nitapasuka, nikachota unga kwenye ungo, nikakata moja kwa moja kupitia mashamba ya pamba mpaka bomani kwa Udamweru, mchana kweupe, yeyote atakaye aone.

Alikuwa anapepeta. Hakuniangalia.

"Mboje amekufa," nikasema. "Tunazika kesho. Nani atamsumbua?"

Aliendelea kupepeta hata nikadhani naye ameamua kunitenga. Halafu akaupokea unga, akaupima kwa mkono, akasema kwa Kisukuma chake kilichovunjika kwamba unga wangu una mchanga. Nilirudi nyumbani nikikimbia, sijui kwa hofu au kwa furaha.

Kesho yake kaburi lilikuwa tayari, jeneza limewekwa juu ya viti viwili, katekista amefungua kitabu. Ndipo watu wakaanza kupisha. Udamweru alikuja polepole na shuka lake na bangili zake za shaba, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Hakuna aliyemzuia, maana kumzuia ni kumsemesha, na kumsemesha ni kutengwa. Akafika ukingoni, akaketi, akateremka kwa magoti yake mabovu, akalala chali mle ndani. Akatoa ugoro wake, akavuta.

Nikasikia kuku wakiparua nyuma ya jiko.

Ngassa alikuwa amesimama kichwani mwa jeneza, macho mekundu ya kulia. Akawaambia vijana, "Mwambieni atoke." Vijana wakaangaliana. Method, msaidizi wake, akasema taratibu kwamba kamanda mwenyewe ndiye aliyekataza mtu kumsemesha. Ngassa akasema basi mtoeni. Wakaangaliana tena. Kumburuza mtani kutoka kaburini ni kumlaani maiti, hilo hata mtoto anajua, na hakuna aliyetaka mkono wake uwe wa kwanza. Katekista Joakim akasema kanisa halina habari na utani, akakohoa, akafunga kitabu.

Jua likapanda. Jeneza liko juani. Mtu hawezi kusema, mtu hawezi kugusa. Ningecheka kama roho isingekuwa inanienda mbio.

"Nani alimpa habari?" Ngassa akauliza, akituzungushia macho.

Nilisikia Thomasi akinibana kiwiko. Nikakitoa kiwiko changu.

"Mimi," nikasema.

Watu wakasogea, nikabaki peke yangu kwenye uwazi kama mti uliosahauliwa shambani. Ngassa alinitazama kwa huzuni kuliko hasira. Tumekua wote; mume wangu ndiye aliyemsimamia harusi.

"Basi shemeji, na wewe umetengwa," akasema.

"Sawa. Nimetengwa. Kwa hiyo mimi naweza kuongea naye. Unataka nimwambie nini?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya. Ngassa alifumba macho. Akasema nimuulize anataka nini, kama ni mbuzi atapewa. Nikapiga magoti ukingoni nikamuuliza. Udamweru alijibu akiwa amelala vilevile, macho juu mbinguni, sehemu kwa Kisukuma, sehemu kwa Kitaturu, na Winnie aliyekuwa amesimama mbali kule njiani akapaza sauti akatafsiri pale nilipokwama.

Alisema hataki mbuzi. Alisema asubuhi ile ya wizi ng'ombe wake wachache waliobaki walikwenda mtoni kunywa na wakakanyaga juu ya nyayo za maksai, ndiyo maana zilipotea bomani. Lakini ng'ambo ya mto zilikuwepo. Alionyesha kwa mkono, watu wakautazama mkono badala ya kutazama mto. Sasa anataka Wasukuma na Wataturu waende pamoja wakaangalie, na wakiitana kwenye mkutano awepo wa kumgeuzia maneno.

"Na jingine?" nikamuuliza, maana nilimwona bado hajamaliza.

"Nataka matusi yangu," akasema. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. "Miezi yote hii hakuna aliyenitukana. Mboje asingenifanyia hivyo."

Nilishindwa kurudia. Lakini wote walikuwa wamesikia, na nikaona Felisita, dada wa marehemu, akijifuta uso kwa kanga.

Udamweru akavuta ugoro mwingine, akaanza kuongea na jeneza. Akamwambia Mboje kwamba nyumba yake mpya ni finyu, inafaa Msukuma, na kwamba itanuka viazi kabla ya Jumapili. Akamkumbusha siku alipodondoka na baiskeli kwenye bwawa la ng'ombe akiwa na suti ya ubatizo, akatoka kijani, akampa mkono padri. Bega la Ngassa likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, vyote vinatoka pamoja na hawezi kuvizuia.

Akasogea mpaka ukingoni, akainama.

"Toka humo, mama," akamwambia. "Unampaka mzee wangu siagi yako iliyochacha. Akifika huko watamrudisha kwa harufu."

Udamweru akafungua macho. "Amesema nani?"

"Nimesema mimi, Ngassa wa Mboje. Toka, we kibuyu kibovu."

"Nipe mkono basi, mla michembe. Magoti hayana nguvu."

Akampa mkono. Alimvuta taratibu, akamkung'uta udongo mgongoni, na wakati anamkung'uta Felisita akasema kwa sauti kavu kabisa, "Ngassa, umemsemesha. Jitenge sasa, halafu tuone nani atakuzikia baba."

Watu walicheka msibani, Mungu atusamehe. Kamanda hawezi kujitenga, na asiyeweza kujitenga hawezi kutenga. Katekista akafungua kitabu tena. Tulimzika Mzee Mboje, na Udamweru ndiye aliyetupa udongo wa kwanza baada ya watoto.

Baada ya matanga Gidasaida alirudi kutoka Meatu, wakaenda wote, Wataturu na sungusungu. Ng'ambo ya mto, chini ya miti iliyokinga mvua, tope la masika lilikuwa limekauka na kushika kila kitu: kwato za maksai zikielekea kaskazini, na pembeni yake nyayo za mabuti ya mpira. Gidasaida na ndugu zake wanavaa makubazi ya tairi, hata kanisani. Thomasi aliyekuwepo anasema Ngassa alichuchumaa pale muda mrefu, akaweka kiganja juu ya alama ya buti. Maksai hawakupatikana. Aliwalilia upya, maana sasa hakuwa na wa kumlaumu karibu.

Siku hizi mwano ukipigwa, Gidasaida hutoka na fimbo yake kama wengine, na hulalamika kama wengine kwamba zamu ni nyingi. Nyayo zikifika bomani kwa mtu, hakuna kuhukumu mpaka mtu wa boma hilo ametembea nazo. Mkutanoni Winnie au mwingine anayejua lugha zote mbili hukaa mbele, si nyuma. Bado wapo wanaonong'ona wakiwaona, sitadanganya. Mmoja alihamishia mahindi yake mashine ya jirani kwa sababu yangu, na mahindi yake yaende salama.

Lakini nilikuwa nasema habari ya mashine. Usiku wa mazishi sikulala vizuri, na asubuhi yake sikunywa uji. Nilikuwa mlangoni kabla ya umeme kurudi, natazama njia. Akaja, debe kichwani, akaliweka pale pale. Akakaa kwenye jiwe. Akaningoja.

Nilikuwa na matusi ya miezi yote ile, nimeyahifadhi, mengine nimeyapamba usiku Thomasi akikoroma. Yote yakanitoka kichwani. Nilisimama pale na ungo mkononi, mdomo wazi.

"Mtaturu," nikasema, na sauti ikakatika. "We Mtaturu. Umechelewa."

Halikuwa tusi la maana hata kidogo. Udamweru alinicheka mpaka akashika mbavu, akasema mashine imeniharibu akili, akanisukumia debe kwa mguu. Nikasaga mahindi yake kwanza, kabla ya watu wote, na nilipokuwa nasaga niliona kwamba nimekaa chini.