Siondoki Kitandani

Nilianguka kutoka kwenye paa la watu, wala si la kwangu, nikiwa na misumari mdomoni na nyundo mkononi. Watu wakisikia hivyo hunipa pole kwanza, kisha huniuliza kwa nini sikujishikilia. Ningejishikilia nini, hewa? Hospitali waliniunga kiuno kwa vyuma, wakanikabidhi magongo na kunitakia heri. Miguu ikabaki kule chini kama mali ya mtu mwingine.

Ndipo mimi na mke wangu tukaenda kwa daktari wa Kichina, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, mwenye chumba cha vitanda vitatu kinachonuka mizizi. Hunichoma sindano, hunikanda mapaja kwa viganja vigumu, kisha hunipa pakiti za magome ya kwenda kuchemsha. Kiswahili hakijui sana, kwa hiyo karani wake ndiye anayetafsiri, na ndiye huyo huyo anayepokea pesa. Mwezi wa pili kidole gumba changu cha mguu kilicheza. Mke wangu alikiona kabla yangu, akapiga kelele hadi jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua.

Baada ya hapo kidole kikagoma.

Wiki iliyopita daktari alifungua chupa ya dawa tuliyoibeba kutoka nyumbani. Akainusa, akaonja kidogo, akasema kitu. Karani akatafsiri huku akiangalia saa ya ukutani.

"Anauliza, hii ni dawa au ni maji mliyooshea sufuria?"

Mke wangu akainamisha kichwa. "Pakiti moja naichemsha mara tatu," akasema. "Kama majani ya chai. Nilitaka zitufikishe mwisho wa mwezi."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto, lakini si juu yake. Mke wangu ni dobi. Kutwa nzima anakamua mashuka ya nyumba za wageni ili mimi ninywe magome, nami nimfokee eti magome yamechuja? Nimfokee nikiwa nimelala?

"Daktari anasema matibabu ni mwaka mzima bila kukatiza," karani akaendelea. "Kama hamwezi, afadhali muache mapema. Kuna wengine wanasubiri kitanda."

Muache mapema! Ndugu zangu walishaniambia hayo hayo kwa sauti ya huruma, wakiwa wamesimama mlangoni, hata kukaa hawakutaka. Kaka yangu mkubwa alishaanza kuuliza nyundo zangu ziko wapi.

"Siachi," nikasema.

"Basi mlipie, baba."

"Yote hatuwezi. Dawa tutanunua, na itachemshwa mara moja inavyotakiwa. Sindano nitakuja tukijaliwa. Lakini huku kukandwa, amfundishe mke wangu anikande nyumbani kila siku."

Karani akacheka. "Hiyo si ndiyo kazi yetu? Tukiwafundisha nyote, sisi tule wapi?"

"Mwambie tu daktari."

"Siwezi kumwambia mambo hayo."

"Basi siondoki. Nibebeni, na nina vyuma kiunoni, mimi ni mzito."

Kwenye kitanda cha pili alilala dereva aliyevunjika bega. Akacheka hadi kitanda kikalia. "Mwambie, dada. Na wangu pia afundishwe."

Daktari akauliza kuna nini. Karani akaanza kuhesabu risiti zake. Nikaona maneno hayatafika, nikauchukua mkono wa mke wangu nikauweka juu ya paja langu. Nikamwonyesha daktari kwa ishara: huyu, hapa, nyumbani.

Daktari akatutazama. Kisha akaugeuza ule mkono, akakiangalia kiganja kilichochubuliwa na sabuni, akaminya kidole gumba kama anayechagua viazi sokoni.

"Nguvu," akasema kwa Kiswahili.

Akampanga vidole nyuma ya goti langu, akaweka vyake juu, wakakandamiza pamoja.

Nilipiga ukelele. Iliuma! Iliuma pale pale ambapo sikuwa nimesikia kitu tangu nianguke. Nikatoa tusi ambalo sitaliandika hapa, nikacheka, machozi yakanitoka. Mke wangu akashtuka, akataka kuutoa mkono. Daktari akaurudisha.

"Muda wenu umekwisha," karani akasema kutoka mlangoni.

Mke wangu hakuinua hata kichwa.

"Subiri," akamjibu. "Mguu wa pili bado."