Moa Aliyekuwa Ameatamia

Wakati wa mama yangu, moa akiuawa tulichukua mapaja tu. Shingo, kichwa, firigisi, vyote viliachwa vikaoza pale mtoni, wala hakuna aliyeona haya. Ndege mkubwa kuliko mtu, hana mbawa, anakusogelea mwenyewe huku umeshika mkuki. Nani angewaza kuwa ataisha? Ulikuwa upumbavu mtupu, nami nilikuwa mmoja wa wapumbavu hao.

Mwaka huu binti yangu Hinerau alijifungua, maziwa yakagoma kutoka. Tulikuwa tunakula mizizi ya kangaga iliyotwangwa, na mizizi haina mafuta. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, mwishowe hata kulia kukamshinda. Nikamwita kaka yangu Pahau, tukachukua mbwa, tukapandisha bonde kutafuta moa.

Siku ya tatu mbwa alisimama. Chini ya mwamba kulikuwa na dume ameatamia yai moja; kwa moa, dume ndiye huatamia. Alituona, lakini hakuondoka juu ya yai lake.

Pahau alishusha mkuki. "Dada, huyu tumwache aangue. Tangu baridi ianze sijaona nyayo nyingine bonde zima. Tukimla huyu, basi tena."

"Lini umekuwa mkunga wa ndege, wewe?"

"Sitanii, dada."

"Na mimi sitanii! Mjukuu wangu anakufa. Nikamwambie Hinerau asubiri kifaranga akue? Lete huo mkuki kama mikono imekulegea."

Hakunipa. Alimchoma mwenyewe. Yai nililipasua mimi, nikakuta kifaranga kimeshaota manyoya, kinahema. Pahau aligeukia pembeni. Nikakifunga kwenye majani pamoja na nyama.

Nyumbani tulipasha mawe shimoni, tukaoka. Safari hii hatukutupa kitu, hata mifupa tuliivunja tukafyonza uboho. Hinerau alikunywa mafuta mpaka kidevu kikalowa, na kesho yake maziwa yakatoka. Nilicheka kwa sauti.

"Umeona, mkunga?" nikamwambia Pahau.

Mafuta yaliisha siku ya tisa, maziwa yakafuata. Nikamsihi kaka yangu turudi bondeni. Alitembea nami siku kumi bila kunilaumu, ingawa wote wawili tulijua hakuna kitu.

Tuliporudi, Hinerau alikuwa ameshamzika mwanawe, peke yake. Aliniuliza kama tumepata nyama.